Chembe za Nano na Uhifadhi wa Hewa Ukaa Chini ya Ardhi: Tuanze na Maji ya Kisima

1.0 Utangulizi



Waandaaji wa warsha hii waliniomba nizungumzie nafasi ya teknolojia ya nano katika kunasa hewa ukaa na kuihifadhi chini ya ardhi. Nawashukuru. Kama ilivyo ada, niseme mapema kwamba haya ni maoni yangu kama mkemia wa maabara, wala si msimamo wa taasisi iliyonituma.

2.0 Ufafanuzi

Wengi mnayafahamu haya, hivyo nitayapitia haraka. Hewa ukaa hunaswa kwenye moshi wa kiwanda, hugandamizwa, kisha husukumwa kisimani. Ikifika kina cha mita 800 hivi, joto huwa limevuka nyuzi 31 za Selsiasi na mgandamizo umepita mara 73 ya ule wa hewa tunayovuta. Hapo huwa nzito karibu kama kimiminika huku ikipenya kama gesi. Huzuiliwa na mwamba mfuniko ulio juu yake, hubanwa katika vitundu vya mwamba, huyeyuka katika maji ya humo, na mwishowe hugeuka jiwe. Chembe za nano ni zile zenye upana wa kati ya nanomita 1 na 100.

Kazi yenyewe si ngeni. Norway inasukuma hewa ukaa chini ya bahari, eneo la Sleipner, tangu 1996. Iceland walianza mwaka 2012 katika basalti ya Hellisheidi, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa zaidi ya asilimia 95 ya ile ya majaribio iligeuka madini ndani ya miaka miwili. Lakini pale In Salah, Algeria, kazi iliyoanza 2004 ilisimamishwa 2011 kwa wasiwasi juu ya mwamba mfuniko, baada ya setilaiti kuonyesha ardhi imeinuka.

3.0 Hali yetu

Sisi hapa Tanzania tunaijua hewa ukaa ya ardhini kwa njia nyingine. Wilayani Rungwe inatoka yenyewe, na kiwanda kinaivuna kwa ajili ya soda. Kenya nao wanaichimba katika msitu wa Kereita. Kule Goma wenyeji wanayaogopa mazuku, yale mabonde madogo ambamo gesi hii hutuama na kuua mbuzi, mbwa, hata watu. Ziwa Nyos la Kameruni liliua kwa gesi hiyohiyo watu wapatao 1,700 kwa usiku mmoja mwaka 1986. Kwa hiyo mtu akiuliza katika mkutano wa kijiji, "Je, ikivuja?", asijibiwe kwa tabasamu.

Uwezo tunao. Tuna basalti ya Bonde la Ufa, na ipo siku visima vya gesi vya Songo Songo na Mnazi Bay vitakwisha na kubaki vitupu. Kikwazo ni maji. Njia ya Iceland hutumia takriban tani 25 za maji kwa kila tani ya hewa ukaa. Sihitaji kuwaeleza maana yake kwa mfugaji wa Bonde la Ufa.

4.0 Ahadi za nano

Ahadi ni nyingi. Chembe za silika hukaza povu la hewa ukaa ili isikimbilie juu ya mwamba na kuacha sehemu kubwa bila kujazwa. Silika au alumina, kiasi kisichofika asilimia moja ya maji, huurudishia mwamba uliochafuliwa na asidi za mafuta tabia yake ya kulowa maji, na mwamba unaolowa maji huibana gesi vizuri zaidi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walionyesha kuwa chembe za nikeli huharakisha hewa ukaa kuungana na maji. Silika ya nano pia huimarisha saruji ya kisima dhidi ya tindikali. Upande wa kunasa, Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2025 ilikwenda kwa Kitagawa, Robson na Yaghi kwa zile fuwele zenye matundu mengi zinazofyonza gesi. Sizipingi ahadi hizi hata moja.

5.0 Tatizo la madonge

Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo ilipokwenda miaka yangu.

Thamani yote ya chembe ya nano iko katika udogo wake. Ikipoteza udogo, inabaki mchanga uliouzwa kwa bei ya dawa. Na inaupoteza mara tu inapokutana na maji ya chumvi. Katika maji yaliyosafishwa kila chembe ya silika ina chaji hasi juu yake, hivyo husukumana na mwenzake. Chumvi huifunika chaji hiyo. Kalsiamu na magnesiamu, zenye chaji mbili, huifunika vibaya zaidi kuliko sodiamu. Ongeza joto, zinagongana mara nyingi zaidi. Sasa ingiza hewa ukaa: maji yanakuwa tindikali, pH inashuka hadi 3 au 4, na silika inapoteza hata ile chaji kidogo iliyobaki. Zinashikana kama unga wa uji uliomwagwa wote kwa pamoja kwenye maji yanayochemka.

Mwanafunzi wangu yeyote anaweza kuwaonyesha kwa chupa mbili za kioo. Ya kwanza ina maji safi, ya pili ina maji ya chumvi yenye kalsiamu, na unga ni uleule. Akirudi baada ya chai, ya kwanza bado ina weupe hafifu kama maji ya mchele. Ya pili ni maji maangavu kabisa, na chini kuna tabaka la tope. Tope hilo ukilisukuma kwenye mwamba linaziba mdomo wa kisima, mgandamizo unapanda, na chembe haifiki ilikotumwa.

Hata hivyo, fungua makala za fani hii. Kurasa za mbele zina picha nzuri ya unga mkavu chini ya hadubini, nanomita 20. Tafuta maji yaliyotumika: yaliyosafishwa, au chumvi ya mezani peke yake. Tafuta mgandamizo: ule wa chumbani. Kisha hitimisho linazungumzia gigatani. Hata kununua ni taabu. Mzabuni mmoja, sitamtaja, alituletea mfuko ulioandikwa nanomita 20, na tulipoupima ndani ya maji tulikuta vishada vya mamia ya nanomita. Kitengo cha manunuzi kikasema mfuko unalingana na hati ya zabuni, basi umepokelewa. Kweli ulilingana, kwa kuwa hati haikuuliza kitu kuhusu maji.

Kuvika chembe koti la polima husaidia, ila makoti mengi hayastahimili joto na chumvi vikiwa pamoja. Hiyo haimaanishi kwamba haiwezekani. Saudi Aramco walipeleka chembe za kaboni katika mwamba wa mafuta wa Ghawar, penye joto la zaidi ya nyuzi 100 na chumvi nyingi kupita ya bahari mara tatu hivi, na sehemu kubwa ikarudi juu ikiwa salama. Walianza na maji ya kisima, ndipo wakaitengeneza chembe ya kuyafaa. Sisi tunaanza na unga, kisha tunatafuta maji yasiyouharibu.

6.0 Mapendekezo

Kwanza, mradi wowote wa nano wa kuhifadhi hewa ukaa usipewe fedha za umma kabla chembe zake hazijapimwa ndani ya maji ya mwamba husika, kwa joto na mgandamizo wa huko, hewa ukaa ikiwemo. Pili, hati za zabuni zitaje ukubwa wa chembe ndani ya maji hayo, siyo katika unga mkavu. Tatu, vyuo vyetu vishirikiane kutumia kifaa kimoja cha kusukumia maji kwenye vipande vya mwamba chini ya mgandamizo, badala ya kila idara kuomba cha kwake na kukosa. Nne, mamlaka za mazingira ziitake kila tathmini ieleze chembe zitaishia wapi zikikaribia maji ya kunywa. Tano, kanuni zetu za biashara ya kaboni za mwaka 2022 zipitiwe upya ili hewa ukaa ya chini ya ardhi iwe na sehemu yake, ikiwa ni pamoja na nani atawajibika kisima kikivuja baada ya kampuni kuondoka. Sita, wanajiolojia waandae orodha ya maji ya kina kirefu ya Bonde la Ufa na pwani, kwa sababu bila orodha hiyo pendekezo la kwanza halitekelezeki. Saba, wanafunzi wafundishwe kupima madonge kabla ya kufundishwa kuandika makala. Nane, na hapa najirudia kwa makusudi, tusinunue unga kabla ya kuyajua maji.

Ninajua mapendekezo ya warsha hupelekwa kwenye kabati. Ndiyo maana naomba jambo moja lisilohitaji kikao. Ndugu zetu wa jotoardhi na wa gesi mlioko humu, mkitoboa kisima kingine, msiyamwage maji yake yote. Tuwekeeni madumu mawili, muandike kina na joto, mtupigie simu tuje kuyachukua.