BAISKELI NJE YA LAMI: KUIENDESHA NA KUITUNZA

(Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Lamadi)



Kamati imeniomba nizungumze habari za baiskeli. Huenda wengine wakauliza: mtumishi wa serikali na baiskeli, wapi na wapi? Jibu ni kwamba kazi hunipeleka vijijini, na huko baiskeli bado ndiyo impelekayo mtoto shuleni na mgonjwa zahanati. Lami ya kwenda Mwanza, Musoma na Bariadi tunayo, lakini ukiiacha hatua chache tu, uko porini.

Baiskeli ya gia yenye tairi pana, ambayo vijana wetu wanaipenda sana, asili yake ni California, Marekani, katika miaka ya 1970. Vijana wa huko walichukua baiskeli nzito za zamani wakashindana kuteremka milima. Shindano lao mashuhuri, lililoanza mwaka 1976, liliitwa Repack, maana yake kupakia upya. Breki ya kukanyaga nyuma ilipata moto hata grisi ikageuka moshi, na baada ya mteremko kitovu cha gurudumu kilipaswa kufunguliwa na kutiwa grisi nyingine. Mwaka 1996 mchezo huo uliingia katika Olimpiki mjini Atlanta. Basi hata waliopenda mwendo kuliko watu wote walilazimika kushughulikia breki kwanza.

Je, sisi? Wako vijana wetu wanaosimamisha baiskeli kwa soli ya ndala. Ndugu zangu, hiyo si breki. Kila asubuhi minya breki zote mbili na kuisukuma baiskeli. Gurudumu likizunguka, usipande. Mipira iliyolika ibadilishwe kabla chuma hakijakwaruza rimu.

Katika mteremko, sogeza makalio nyuma ya kiti, weka pedali sawasawa, na tumia breki zote mbili kwa kiasi. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa sababu uzito mwingi huhamia mbele. Lakini ukiibana ghafla peke yake, itakurusha juu ya usukani. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona.

Ardhi yetu nayo ina tabia zake. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa hunata na kujaa kati ya tairi na madigadi hata gurudumu ligome; hapo shuka, ubebe. Kiangazi udongo huo huo hupasuka, na ufa unaweza kumeza tairi. Uvuke kwa kuukata, usiufuate. Penye mchanga weka gia nyepesi mapema, shika usukani bila kuukaza, na endelea kukanyaga. Kipimo cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi: ukizidi, baiskeli hurukaruka, ukipungua mno, jiwe hubana tyubu kwenye rimu na kuitoboa. Kwa miiba ya migunga na mbigili hakuna dawa ila kubeba viraka, gundi na pampu.

Mnyororo ufutwe vumbi kwa kitambaa, utiwe oili kidogo, kisha ufutwe tena. Oili chafu ya gari hukusanya mchanga, na mchanga ni msasa. Pima pini 24 mfululizo kutoka pini ya kwanza: ile ya 25 iangukie inchi 12 kamili. Ikizidi kwa moja ya nane ya inchi, mnyororo umekwisha, nao unakula meno ya gia. Mnyororo mpya ni nafuu kuliko gia zote. Spoki iliyolegea ikazwe mapema, kwani moja ikikatika jirani zake hubeba mzigo wake.

Jambo lingine ni wanyama. Geti la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti liko jirani nasi. Tembo hutoka wakaingia mashambani, na viboko hutoka ziwani usiku kula majani. Baiskeli haina kelele: unaweza kumfikia mnyama kabla hajakusikia. Asubuhi mapema na jioni tupite njia zenye watu, tupige kengele penye vichaka, na tukimwona tembo tugeuke tungali mbali. Hifadhini tusiingie bila kibali.

Namalizia kwa pendekezo. Wanafunzi wa shule yetu wanaotoka vijiji vya mbali huja kwa baiskeli, na nyingi nilizoziona uani hazina breki kamili. Naomba chama chetu kinunue sanduku moja la vifaa: spana, pampu, viraka, gundi, mipira ya breki na oili. Fundi mmoja alipwe aje kila Ijumaa, awafundishe wanafunzi kutengeneza wenyewe. Gharama hiyo haifikii gharama ya mvunjiko wa mfupa mmoja, sembuse uhai wa mtoto. Nipo tayari kuanza kutoa mchango wangu leo, kabla hatujaondoka.