Anayesema Ameanguka
(Maneno kwa wahudumu wa afya, Matwebe, Wilaya ya Rungwe)



Mmenialika niseme juu ya ukatili wa majumbani. Mimi si tabibu. Nitasema tu juu ya yale yatanguliayo kushonwa kwa jeraha.

Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilitoa uchunguzi uliofanyika katika nchi 10, na mkoa wetu wa Mbeya ulikuwamo. Kati ya wanawake waliowahi kuwa na mume au mwenzi, asilimia 56 walikuwa wamepigwa au kuingiliwa kwa nguvu na mwenzi huyo. Dar es Salaam ilikuwa asilimia 41. Basi tusiseme haya ni mambo ya mjini.

Nikiwa padre kijana katika parokia nyingine, mama mmoja alinijia jioni, mkono umevimba. Alikuwa ametoka zahanati. Huko aliulizwa mbele ya wagonjwa wote, "Umefanya nini hata ukapigwa?" Kisha akaambiwa alete kwanza fomu ya polisi. Kituo kilikuwa mbali, na mwenye fedha ya nauli ndiye aliyempiga. Nami, nakiri, nilimwombea nikamwacha arudi kwake.

Fomu hiyo, PF3, ina kazi yake. Tabibu huijaza sehemu yake, nayo mahakama huitazama. Lakini ni karatasi ya ushahidi, si kibali cha kumhurumia mtu. Damu izuiwe kwanza. Tangu mwaka 2011 Wizara ya Afya ina mwongozo wa kuwahudumia watu hawa. Aliyebakwa huanzishiwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU kabla ya saa 72 kupita, naye huzimeza kwa siku 28. Kama dawa hizo hazipo kituoni, je, mnajua leo zilipo, na nani atampeleka usiku, mvua zetu hizi zikinyesha? Swali hilo huulizwa kabla mgonjwa hajafika.

Liko na jambo la benchi. Kwa mila ya Wanyakyusa mkamwana alimwepuka baba mkwe wake, hata njiani. Mnatazamia mama huyo aseme nini ikiwa wazee wa ukoo wa mumewe wameketi hatua mbili kutoka mezani kwenu? Atasema ameanguka na mkungu wa ndizi, nanyi mtaandika hivyo daftarini.

Najua pia mnachoogopa: kuitwa mahakamani, au kwamba mpigaji ni shemeji yako. Hofu hiyo si ya bure, na Tume yetu haitawaacha mwende mahakamani peke yenu. Lakini siri ikitoka zahanati hadi sokoni, hakuna mwanamke atakayerudi.

Kesho asubuhi, kabla ya kufungua mlango, kila mmoja aketi kwenye benchi la kituo chake, na mwenzake aseme mezani kwa sauti ya kawaida. Mkisikiana, lisogezeni benchi.