Habari za Ndege Zikiandikwa, Zirudi Shambani

Leo sitazungumza juu ya mbolea wala nafasi za kupandia. Nataka tuzungumze habari za ndege, tena si kuku. Ni ndege wa porini, na hasa yule mdogo mwenye mdomo mwekundu ambaye ninyi wa mtama, uwele, ngano na mpunga mnamjua sana: kweleakwelea.

Nikiwa katika safari za vijijini huulizwa swali moja mara kwa mara. Mkulima huniambia hivi: “Bwana Shamba, walikuja watu na darubini na madaftari. Wakatuuliza maswali, wakahesabu viota kwenye migunga, wakapiga picha, wakaenda zao. Majibu yao yako wapi?”

Swali hilo ni la haki kabisa. Maana aliyewaonyesha viota ni nani? Ni yule kijana anayeamia ndege tangu alfajiri. Na mtama unaoliwa ni wa nani? Basi leo tulijibu.

Mtafiti akisha kuhesabu viota, kazi yake haijakwisha. Ni lazima aandike aliyoyaona na namna alivyoyaona, apeleke maandishi hayo kwenye jarida la wataalamu. Huko wataalamu wengine huyasoma kwanza, wakayakosoa, wakauliza umejuaje hili, umepimaje lile. Yakiridhisha ndipo huchapishwa. Yasipochapishwa yanakufa ndani ya sanduku, na mtu mwingine atakayekuja baada ya miaka kumi ataanza upya kuhesabu viota vile vile, na kuwauliza ninyi maswali yale yale.

Chukueni mfano mmoja. Mwaka 1971 mtaalamu aitwaye Peter Ward, ambaye alikuwa amemchunguza kweleakwelea huko Nigeria, alichapisha maelezo ya safari za ndege huyu katika Afrika. Alieleza hivi. Wakati wa kiangazi kweleakwelea huishi kwa mbegu za majani ya porini zilizoanguka ardhini. Mvua za kwanza zikinyesha sawasawa, mbegu hizo huota karibu zote kwa mara moja. Ghafla ndege hana chakula! Lakini amekwisha jiandaa: amenenepa, ameweka mafuta mwilini. Basi huruka juu ya nchi yenye mvua mpya, akapita mpaka kule ambako mvua zilitangulia kwa wiki kadhaa, na majani yamekwisha toa mbegu mpya. Baadaye hugeuka akarudi alikotoka, akizaa njiani kila anapokuta majani yamekomaa.

Hebu tuyapime maneno hayo kwa jembe letu. Kwanza, kumbe chakula chake hasa ni mbegu za majani ya porini. Mashamba huyavamia sana pale mbegu hizo zinapopungua. Kwa hiyo shamba linalochelewa, ambalo linakomaa peke yake wakati wenzake wamekwisha vuna na pori limekauka, hilo ndilo litakaloliwa. Ndiyo sababu sisi tunawasumbua kila mwaka: pandeni mapema, pandeni kwa wakati mmoja kijiji kizima, tumieni mbegu za muda mfupi. Wengine hudhani ni amri tu za mabwana shamba. Sivyo. Zina asili yake katika safari za ndege.

Pili, uchunguzi umeonyesha kwamba kweleakwelea hufanya haraka sana kuzaa. Mayai huanguliwa kwa muda wa siku kumi hivi, na koloni zima, tangu kusuka viota mpaka makinda kuruka, humaliza shughuli yake kwa wiki sita hivi. Sasa fikirini: kijiji kimeona viota, habari ikakaa kwa mwenyekiti wiki mbili, ikakaa kwenye kata wiki mbili, ikafika wilayani mwisho wa mwezi. Wataalamu watakapokuja watakuta viota vitupu, na makinda wako shambani kwenu.

Na wakiwa shambani si mchezo. Ndege mmoja huweza kula gramu 10 hivi za nafaka kwa siku. Kidogo, si hivyo? Lakini ndege milioni moja ni tani 10, yaani magunia 100 ya kilo mia mia, kwa siku moja tu. Wenzetu wa Kisumu, nchini Kenya, waliyaona hayo kwenye mashamba yao ya mpunga mwezi Januari 2023.

Turudi kwenye swali letu. Habari hizi zote njema ziko wapi? Maandishi ya Ward yalitoka katika jarida la Uingereza liitwalo Ibis, lililoanza mwaka 1859. Mwaka 1989 kilitoka kitabu kinene juu ya kweleakwelea peke yake, kilichohaririwa na Richard Bruggers na Clive Elliott. Hapa kwetu Afrika Mashariki tunalo jarida la ndege liitwalo Scopus, lililoanza mwaka 1977, na siku hizi linasomwa bure kwenye intaneti. Hiyo ni hatua nzuri. Ila yote hayo ni kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha wataalamu. Mlango umefunguliwa, lakini ngazi bado haijawekwa. Kuiweka ngazi hiyo ni kazi ya watafiti, na ni kazi yetu sisi mabwana shamba na mabibi shamba.

Wala msidhani kwamba elimu inateremka tu kutoka juu. Huko Kondoa watu hunasa kweleakwelea kwa wingi, wakawala. Watafiti wakaenda kutazama na kupima, na mwaka 2014 yakachapishwa maelezo juu ya kunasa ndege hawa kwa chakula badala ya kutegemea sumu tu. Na yule kwale wa milima ya Udzungwa, je? Mwaka 1991 watafiti waliokuwa kambini msituni waliona miguu miwili ya ajabu ndani ya chungu cha kitoweo. Ndege mwenyewe alikwisha liwa! Wakamtafuta, wakampata, na mwaka 1994 akachapishwa kuwa ni aina mpya kwa sayansi. Mpya kwa sayansi, nasema; aliyempika hakuona ajabu yoyote.

Basi wakija tena wageni wa darubini, wapokeeni vizuri, lakini ulizeni kibali. Utafiti wa namna hii huhitaji kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, na kwa wanyama na ndege wa porini Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori nayo huhusika. Kisha waombeni jambo moja dogo: kazi ikiisha, walete ukurasa mmoja wa Kiswahili usomwe kwenye mkutano wa kijiji. Mwandikeni jina kwenye daftari la kijiji, pamoja na tarehe aliyoahidi. Mtu akiandikwa hukumbuka.

Nanyi muwe na daftari lenu, la kurasa chache tu, likae pale penye dungu. Andikeni tarehe mvua ilipoanza, siku makundi ya kwanza yalipoonekana, na mtama ulikuwa umefikia wapi: umechanua, una maziwa, au umekauka. Mtazameni ndege vizuri kabla ya kuandika, maana mnana naye hupewa kesi isiyo yake. Na mahali palipopigwa sumu, msiokote ndege waliokufa mkawala. Sumu ile haitoki kwa kuchemsha.

Mwisho, jioni jua linapokaribia kuzama, tazameni makundi yanaelekea wapi. Yakielekea upande mmoja siku mbili mfululizo, huko ndiko yanakolala au yanakojenga. Andikeni upande huo na saa, na kesho yake asubuhi, si wiki ijayo, karatasi hiyo ifike kwa bwana shamba wa kata.