Pikapu Inapogonga Mbele

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya kikundi cha wakulima wenye pikapu yao)



Leo sikuja kuwapima kusoma. Mwenyekiti wenu ameniambia kuwa pikapu ya kikundi inagonga mbele. Mmenunua shokapu mpya mara mbili, fedha zimekwisha, na gari bado linagonga.

Jambo hilo limewahi kunikuta. Miaka michache iliyopita nilipanda pikapu ya kikundi kingine, tukimpeleka mama mjamzito hospitali. Kila shimo, ko! Dereva akasema, "Hiyo ni barabara tu, Mwalimu." Akaongeza sauti ya redio. Tulipokuwa tunakata kona, gurudumu la kushoto likalala nje, gari likakaa chini. Boljointi ilikuwa imechomoka. Bahati yetu tulikuwa polepole. Mama tulimbeba kwa machela hadi barabara kuu, tukapata gari jingine. Alijifungua salama. Lakini mimi tangu siku ile sidharau gari linalogonga.

Boljointi ni nini? Shika bega lako, uzungushe mkono. Kichwa cha mfupa kinazunguka ndani ya kikombe chake. Boljointi ni hivyo hivyo: tufe la chuma ndani ya kikombe chenye grisi, limefunikwa kwa mpira. Pikapu nyingi ndogo zina mikono miwili ya chuma kila upande wa mbele, wa juu na wa chini. Ncha moja ya mkono imefungwa kwenye chesisi kwa bushi za mpira. Ncha ya pili inashika gurudumu kwa boljointi. Mpira ule ukichanika, vumbi na maji huingia, grisi hutoka, chuma kinasaga chuma. (Land Cruiser za mizigo zenye ekseli nzima mbele hazikujengwa hivyo.)

Basi kazi ya kwanza si spana, ni daftari. Ninyi sasa mnajua kuandika. Dereva aandike sauti inatokea lini na upande gani. Mfano: "Jumatatu. Inalia kwii kwenye tuta, polepole. Kulia."

Kwii kwii ya namna hiyo mara nyingi ni bushi zilizokauka. Mwagia maji bushi moja, kisha tikisa gari. Ikinyamaza, umeipata. Tafadhali msipake oili chafu! Najua wengi hufanya hivyo. Oili huvimbisha mpira na kuuharibu.

Kodokodo kwenye changarawe yenye mikunjo midogo midogo: angalia vyuma vya stabilaiza, pia nati na bushi za shokapu. Ko moja unapokanyaga breki: shuku bushi za mikono. Mvumo unaopanda kadiri mwendo unavyopanda: shuku beringi. Ko kwenye mashimo na kwenye kona: anza na boljointi.

Na shokapu? Bonyeza kona ya gari kwa nguvu, uachie. Likipanda na kutulia, shokapu ina nguvu. Likidundadunda, au oili inatiririka, imekufa. Shokapu haibebi gari. Springi ndiyo inayobeba. Nadhani wengi hununua shokapu kwa sababu ndilo jina wanalolijua.

Sasa kupima boljointi. Egesha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe. Ikiwa springi imekalia mkono wa chini, weka jeki chini ya mkono huo, karibu na gurudumu, uinue mpaka gurudumu liache ardhi. Kama springi imekaa mahali pengine, mwulize fundi pa kuweka jeki. Weka gogo nene chini ya chesisi. Matofali hapana, hupasuka. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake.

Shika gurudumu juu na chini, ulisukume na kulivuta. Linacheza? Mwambie mwenzako akanyage breki, urudie. Mchezo ukiisha, tatizo liko kwenye beringi. Ukibaki, mtu atazame boljointi kwa tochi huku wewe unatikisa. Halafu shika kushoto na kulia. Likicheza hapo, tazama ncha za vyuma vya usukani.

Boljointi ikicheza, gari lisiondoke. Hata kama kesho ni siku ya mnada. Fundi aje hapa, au gari livutwe mbele likiwa limeinuliwa.

Kubadilisha ni kazi ya fundi, lakini kamati isimame pale. Mwambieni awape kifaa cha zamani mkione kwa macho. Nati ya boljointi iwekewe kipini kipya cha kuizuia isifunguke. Na hili mafundi wengi huliruka: bolti za bushi zikazwe mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa gari likiwa limening'inia, mpira unajipinda likishushwa, na hauchukui muda kukatika. Mkibadilisha mikono au vyuma vya usukani, gari likapimwe magurudumu, la sivyo tairi zitalika upande mmoja.

Haya, tutoke nje tukaliangalie. Katibu, njoo na daftari.