Kura Moja ya Chake Chake na Kamati ya Tawi Letu

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi, Mkoani, Pemba, na mjumbe mmoja mwenye duka.)



Nataka kwanza kuomba radhi. Nimetakiwa niseme juu ya namna ya kuunda kamati ya tawi katika mji mdogo kama huu wetu, na humu wamo wazee waliounda kamati na kuzivunja kabla mimi sijajua kushika kalamu. Elimu yangu ni ya chuoni kwa maalim, na baada ya hapo ni ya nyuma ya meza ya duka. Lakini duka nalo humfundisha mtu. Mwenye duka hafilisiwi na gunia lililoibiwa usiku, kwani hilo mji mzima utalisikia na watu watakuja kumpa pole. Humfilisi nusu kilo ya sukari isiyoandikwa, leo na kesho na kesho kutwa, na hakuna ajuaye, hata yeye mwenyewe.

Nitaanza na habari ambayo wengi wenu mmeisikia kwa wazee, ila huhadithiwa ama kwa shangwe ama kwa uchungu, na kwa hivyo funzo lake hupotea.

Mwezi wa Januari 1961 visiwa hivi vilichagua wajumbe 22 wa Baraza la Kutunga Sheria. Uchaguzi wa kwanza, ule wa Julai 1957, ulikuwa wa viti 6 tu, na wanawake hawakupiga kura. Safari hii wanawake nao walipiga. Matokeo yalipotoka, Afro-Shirazi ilikuwa na viti 10, Hizbu 9, na Z.P.P.P. 3. Na katika vile 10 vya Afro-Shirazi, kimoja kilikuwa cha Chake Chake, mji ambao sisi hapa twaufikia kwa gari kabla chai haijapoa, na kiti hicho kilipatikana kwa kura moja. Sisemi mia moja wala kumi. Nasema moja.

Tazameni basi hesabu ilivyokwenda. Wale 3 wa Z.P.P.P. waligawanyika: 2 wakaungana na Hizbu, 1 akaungana na Afro-Shirazi. Ikawa 11 kwa 11, na hapakuwa na upande uliokuwa na wingi wa kuunda serikali. Kikaongezwa kiti kimoja, vikawa 23, na watu wakarudishwa kwenye masanduku mwezi wa Juni mwaka ule ule. Katika uchaguzi huo wa Juni yakazuka machafuko Unguja, na watu 68 wakapoteza roho zao. Lau kiti kile cha Chake Chake kingelikwenda kwa Hizbu mwezi wa Januari, hesabu ingelikuwa 12 kwa 10, na huo uchaguzi wa Juni pengine usingelihitajiwa.

Mimi simsifu hapa aliyeshinda wala simlilii aliyeshindwa. Vyama vile vimekwisha kupita: baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 vingine viliondolewa, Afro-Shirazi iliungana na TANU mwaka 1977 ikawa CCM, na vyama vingi havikurudi kwetu mpaka mwaka 1992. Ninalouliza ni suala la mwenye duka. Yule mtu mmoja alikuwa ni nani? Hapana shaka katika mji ule siku ile alikuwapo mzee aliyekuwa na homa na hakuna aliyempelekea punda. Alikuwapo mama aliyeambiwa na mumewe kuwa mambo haya si ya wanawake. Alikuwapo kijana aliyekuwa baharini kwa kuwa hapana aliyemkumbusha tarehe. Watu hawa walikuwa pande zote mbili, na kila upande ulikuwa na kamati yake, bendera zake na wasemaji wake hodari. Mlango mmoja ukasahauliwa.

Na nisije nikaambiwa kwamba mji mdogo si kitu, na kwamba kura za mjini Unguja ndizo zitakazotuvusha. Julai 1963, katika viti 31, Afro-Shirazi ilipata zaidi ya nusu ya kura zote lakini ikapata viti 13 tu, ilhali Hizbu na Z.P.P.P. kwa pamoja walipata 18. Kura zilizorundikana mahali pamoja haziwezi kupanda chombo zikaja kutusaidia sisi.

Sasa nije kwenye kamati yetu, na hapa sina budi kusema aibu yangu mwenyewe.

Tulipoanza tawi hili tulikuwa watu saba. Sote wanaume, sote wa mtaa mmoja, na wanne katika sisi ni jamaa wa damu. Watu walitafuta mahali pa kukutania na mweka fedha, na wakasema, maneno ambayo kila mmoja wenu angelisema: mwenye duka ana baraza pana, ana taa, ana sanduku lenye kufuli, anajua kuandika hesabu, basi mambo yote yawe kwake. Nikaona ni heshima. Tukawa twakutana barazani kwangu baada ya sala ya isha, na michango nikaiandika katika kurasa za nyuma za daftari langu la madeni, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu na mkono.

Miezi ikapita, na mkutano ukabaki wa watu wale wale saba, pamoja na watoto waliokuja kwa ajili ya kashata. Tukapeleka wito, hawakuja. Tukasema watu wa mtaa wa bondeni ni waoga. Tukasema wavuvi hawana haja na siasa. Mmoja wetu akathubutu kusema wameshanunuliwa. Mimi niliitikia maneno hayo, na Mungu anisamehe.

Aliyenifungua macho ni watu wangu wa nyumbani. Bibi mmoja alimwambia kisimani, naye akaniambia usiku: "Hivi wewe hujui kwa nini hawaji? Nusu ya mtaa ule wanadaiwa na wewe. Nani atakuja kukaa mbele ya daftari lako, chini ya taa yako, umtazame usoni?" Nilinyamaza. Kisha nikaenda nikalifungua daftari, nikasoma majina, na yalikuwa ni majina yale yale tuliyokuwa tukiyaita ya waoga. Mtu anayedaiwa mchele na mafuta ya taa hapiti mbele ya duka mchana, huzunguka nyuma ya nyumba. Na sisi tulikuwa tunamwita aje apite usiku, akae, na tena atoe mchango!

Hayo hayakutosha. Mvuvi mmoja, ambaye alikuwa amekuja mara mbili, alimpa kijana wangu wa dukani shilingi elfu mbili za ada yake ya chama. Kijana akafungua daftari, akaona jina lake upande wa madeni, akampunguzia deni. Siku kadi zilipogawiwa jina lake halikuwamo. Akasimama mbele ya watu akasema chama hiki kinakula fedha za maskini. Nilipokwenda kutafuta nikaona kosa, nikaitoa ile ada mfukoni mwangu, na nikamwendea nyumbani kwake kumtaka radhi. Alinipokea kwa adabu, akanipa maji ya kunywa, na hakurudi. Na pamoja naye ziliondoka nyumba mbili za jamaa zake. Hesabuni kura katika nyumba tatu, kisha mkumbuke tena Chake Chake.

Kwa hivyo, ndugu zangu, neno langu la kwanza juu ya kamati ya tawi ni kwamba isikae mahali pa mtu mwenye kuwashika wengine. Isikae kwa mwenye duka, wala kwa mwenye chombo ambaye wavuvi humtegemea, wala kwa mwenye shamba ambaye watu huchuma karafuu zake. Watu hawa wawemo katika chama, nami nimo, lakini mkutano usiwe chini ya paa lao. Sisi sasa twakutana ukumbini mwa bibi yetu mmoja mjane ambaye hamdai mtu na kila mtu humwamkia. Pahala ni padogo na mvua inavuja, lakini watu wanakuja.

Jambo la fedha nimekwisha kulitoa mikononi mwangu kwa hiari yangu. Mweka fedha ni mmoja, mwenye ufunguo ni mwengine. Kila anayetoa, hata akitoa shilingi mia tano, hupewa stakabadhi pale pale, na kipande cha pili hubaki kitabuni. Fedha huhesabiwa mbele ya wote mwisho wa mkutano, na jumla hutajwa kwa sauti. Baadhi ya wazee waliona ni kutoaminiana. Mimi nasema aliyewahi kutuhumiwa kwa kosa asilolikusudia huijua thamani ya kile kipande cha karatasi kuliko mtu mwengine yeyote.

Kisha, nani wawe wajumbe? Desturi yetu ni kumchagua anayejua kusema. Msemaji hodari ana siku yake, nayo ni siku ya mkutano wa hadhara. Kamati yataka mtu anayejua nani amelala na nani ameamka katika mtaa wake. Tumeingiza mvuvi wa dagaa, na siku ya kwanza tu alitufundisha jambo ambalo sisi wa nchi kavu hatukuwa tumeliwaza: kwamba usiku wa giza wenzake wote wako baharini na taa zao, na usiku wa mbalamwezi wako majumbani. Tangu hapo mikutano yetu huitishwa kwa kuutazama mwezi. Kazi hiyo haikutugharimu hata senti, na hesabu ya waliohudhuria iliongezeka usiku ule ule.

Tumeingiza pia wanawake watatu, na wala si kwa ajili ya kupika chai. Nyumba nyingi za mji huu mchana hazina mwanamume, na si adabu mwanamume kusimama mlangoni akauliza maswali. Mwanamke hupiga hodi, hukaribishwa mpaka uani, na hutoka na habari kamili: wamo wangapi waliotimia miaka 18, nani ana kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, nani jina lake limo katika Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, nani amehamia Tanga, nani atakuwa kambini kwa karafuu. Habari hizi huandikwa katika kitabu, ukurasa mmoja kwa nyumba moja. Bibi mmoja wa bondeni ameonekana kwa njia hii kuwa jina lake katika cheti limeandikwa kwa namna moja na katika kitambulisho kwa namna nyengine. Lau tusingeligonga mlango wake, angelijua siku ya kura, baada ya kusimama juani. Sasa anakwenda kwa sheha mapema, karatasi zake zote mkononi, na mjumbe wetu mmoja yu pamoja naye, wala hapana haja ya kelele.

Wapo vijana watakaoniambia kwamba haya yote yafanyika kwa simu siku hizi, kwamba ujumbe mmoja huwafikia watu mia. Ni kweli humfikia mwenye simu, na mwenye chaji, na mwenye kujua kusoma maandishi madogo. Bibi niliyemtaja hana hata kimoja katika vitatu hivyo. Simu na itumike, lakini kitabu kisiachwe.

Neno jengine ni juu ya jirani zetu wa chama kingine. Wazee wetu waliziona zile siku za baada ya 1957, watu waliposusia maduka ya wenzao na wakulima wakatolewa katika mashamba kwa sababu ya chama. Na wengi wetu tuliomo humu tuliyaona kwa macho yetu ya baada ya 1995, pale jirani alipoacha kumzika jirani yake hapa hapa Pemba. Mjumbe wa kamati hii atakayesusa maiti, au atakayemkataza mkewe kwenda arusini kwa sababu ya rangi ya bendera, mimi nitaomba atolewe. Dukani kwangu chumvi huuzwa kwa bei moja. Na tena, aliye chama kingine leo, binti yake yumo katika kitabu chetu.

Na madeni je? Nimeulizwa jambo hili faraghani, nalijibu hadharani. Sikumsamehe mtu deni lake kwa ajili ya chama, kwani hiyo ni rushwa, na kesho nitaambiwa nimenunua kura kwa mchele. Anayedaiwa anadaiwa. Lakini nimemwambia kila mmoja kwa mdomo wangu kwamba ukumbini mwa bibi yetu mimi si mwenye duka, na daftari halitoki dukani. Wengine wameniamini. Yule mvuvi bado.

Kitabu cha nyumba kipo mezani hapa mbele yenu. Mtaa wa juu umekwisha, na bondeni zimebaki chache. Upande wa gatini nyumba kumi na moja hazijaandikwa kabisa, na tatu katika hizo ni zile nilizozitaja. Nitakwenda kesho baada ya alasiri. Nataka watu wawili wa kufuatana nami, mmoja awe mwanamke, na afadhali wote wawili wawe ni watu wasiodaiwa na mimi wala wasionidai.