Merikani na Karafuu



Nimetakiwa niseme juu ya kampuni kubwa za Marekani. Nitaanza na kitambaa ambacho bibi zetu wakikiita merikani. Mwaka 1833 Sayyid Said alitiliana mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, Massachusetts, akaja Unguja kuwa balozi mdogo wao. Majahazi ya Salem yakileta nguo za pamba, yakirudi na pembe za ndovu, sandarusi na karafuu. Faida ilikuwa nono.

Mwaka 1861 Wamarekani wakaingia vitani wao kwa wao. Pamba ikaadimika, bei ikapanda, na nguo za Uingereza na Bombay zikapata nafasi. Vita vilipokwisha mwaka 1865, Salem haikuurudia tena ukubwa wake.

Tusiwacheke. Indonesia ilikuwa mnunuzi wetu mkubwa wa karafuu, kwa sigara zake. Ilipopanda mikarafuu ya kuitosha, katika miaka ya 1980, bei yetu ikaporomoka.

Basi vijana, mkisoma hesabu za kampuni yoyote, msitazame faida peke yake. Ulizeni: mali yatoka wapi? Mnunuzi ni nani? Akikosekana, itakuwaje? Na mkirudi nyumbani, yaulizeni hayo hayo juu ya mikarafuu ya wazee wenu.