Kula Kidogo, Kuishi Sana: Na Mwenye Njaa Je?

(Hotuba kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kibara)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu, ndugu wanafunzi wa zamani, na ninyi vijana mliokaa huko nyuma mkisubiri hotuba ziishe ili chakula kiletwe:

Nimetakiwa niseme machache yenye manufaa. Mimi si daktari. Ni mtumishi wa serikali, na kazi yangu ni majalada. Lakini siku hizi wakati wa chai ofisini hatuzungumzii tena mpira. Tunazungumzia sukari na presha. Kwa hiyo nimechagua swali moja: Je, mtu akipunguza chakula ataishi zaidi?

Swali hili lina umri mkubwa kuliko wengi wetu humu. Mwaka 1935 Clive McCay na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walitoa taarifa ya panya waliolishwa chakula chenye vitamini na madini ya kutosha, lakini kilichopunguzwa nguvu, ile ambayo wataalamu huipima kwa kalori. Panya hao, hasa madume, waliishi muda mrefu kuliko wenzao walioshiba. Wanaosimulia habari hii huishia hapo. Husahau kwamba panya wale walidumaa. Jaribio lenyewe lilikuwa la kuchelewesha ukuaji. Ninyi vijana, lishikeni neno hilo, kudumaa. Nitalirudia.

Baada ya panya walifuata kima. Vituo viwili vya Marekani viliwapunguzia kima chakula kwa zaidi ya miaka 20. Cha Wisconsin kilitangaza mwaka 2009 kwamba faida imeonekana. Kingine, cha Taasisi ya Taifa ya Uzee, kilitangaza mwaka 2012 kwamba kima wake hawakuongeza umri. Mwaka 2017 pande zote mbili ziliandika kwa pamoja kuwa umri wa kuanza na aina ya chakula ndivyo vinavyoleta tofauti. Waliopunguziwa wakiwa wadogo hawakupata faida waliyoipata wakubwa.

Kisha ikaja zamu ya binadamu. Katika jaribio liitwalo CALERIE, ambalo matokeo yake makuu yalitolewa mwaka 2015, watu wazima 218 wasio wanene kupita kiasi waligawanywa makundi mawili kwa miaka miwili. Kundi moja liliambiwa lipunguze kalori kwa asilimia 25. Likaweza kupunguza kama asilimia 12 tu. Kwa mtu alaye kalori 2,400 kwa siku, hizo ni kama 290, sawasawa na chupa mbili za soda za mililita 350. Hata hivyo uzito ulishuka, presha ikashuka, na mafuta mabaya ya damu yakapungua. Mifupa nayo ilipungua kidogo uimara. Kwamba watu hao wataishi zaidi, bado haijathibitishwa. Miaka miwili haitoshi kupima umri wa binadamu.

Ndugu zangu, msidhani elimu hii ni ya ng'ambo tu. Ng'ambo ya Serengeti yetu, kando ya Ziwa Eyasi, wanaishi Wahadzabe. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake, akiwamo Mtanzania mwenzetu Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitangaza vipimo vya Wahadzabe 30. Wanaume walitembea wastani wa kilomita 11.4 kwa siku, wanawake 5.8. Kila mtu alitarajia kwamba wanatumia kalori nyingi kuliko mtu wa ofisini. Lakini ukizingatia ukubwa wa mwili, matumizi yao yalikuwa sawa na ya Wamarekani na Wazungu. Maana yake ni kwamba kutembea kunaujenga moyo, wala tusiache kutembea, lakini kitambi kinatafutiwa dawa kwenye sahani.

Na sahani gani? Mwaka 2025 wataalamu wa KCMC, Moshi, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walitoa utafiti wa vijana wa kiume 77 wa kaskazini mwa nchi yetu. Waliotolewa kwenye vyakula vya asili na kulishwa vya kizungu kwa wiki mbili tu, damu zao zilionyesha dalili za uvimbe wa ndani, ule unaotangulia maradhi ya moyo na kisukari. Waliohamishiwa kutoka vya kizungu kwenda vyakula vya asili walipata nafuu. Basi udaga, mtama, mchicha na dagaa wa ziwa letu si chakula cha umaskini, kama baadhi yetu tulivyoanza kudhani baada ya kupata mishahara.

Sasa narudi kwa vijana. Elimu yote niliyoieleza inamhusu mtu mzima aliyekwisha kukua, mwenye chakula mezani, ambaye kwa hiari yake anaacha sehemu. Haimhusu mwanafunzi anayetoka nyumbani alfajiri bila uji, akatembea, akakaa darasani hadi alasiri. Huyo hapunguzi kalori; huyo ana njaa. Mwili wake bado unajengwa, na kumbukeni panya wa McCay. Asitokee mtu, awe mzazi au kiongozi, wa kuwaambia watoto kwamba kula kidogo ni afya. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, nasi tuliokaa viti vya mbele leo ndio wenye shibe.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naleta hoja. Karamu ya mkutano wetu wa mwakani ipunguzwe nusu. Fedha itakayookolewa inunue mahindi, maharage na dagaa kwa ajili ya jiko la shule. Pamoja na hayo, kila mmoja wetu aache chupa zake mbili za soda, na thamani yake ailete kwa mweka hazina kila mwezi. Sisi tutapunguza kile kilichotuzidi, na vijana watapata kile kilichowapungukia. Kama McCay alisema kweli, tutaishi miaka ya kutosha kuwaona wakihitimu.

Naomba kutoa hoja.